Yadi ya Kambale

Mwenye duka la nguo pale Iringa hakutumia rula. Alipima yadi kwa mkono, kuanzia puani hadi ncha za vidole, na mkewe Mwantumu aliijua vizuri pua ile. Mumewe akiuza kitambaa, aliielekeza kwenye vidole kana kwamba ananusa nguo, yadi ikafupika. Ijumaa baada ya swala alifunga duka, akawapakia wanawe watatu, Bibie na wadogo zake, kwenye baiskeli moja, wakaenda kuvua mto Ruaha. Jioni, akisimulia habari za kambale aliyemponyoka, alinyoosha mkono uleule kuonyesha urefu wake, ila uso aliugeuzia bega la pili mpaka shingo ikalia ko.

“Baba Bibie,” Mwantumu alimwambia, “na gauni langu lipimie yadi ya kambale!”

Mumewe alicheka mpaka kofia ikadondoka, kisha akampimia ileile fupi. Lakini alipokuja mfiwa kutaka bafta ya sanda, Mwantumu alimwona mumewe akigeuza uso hadi kidevu kikagusa bega la pili.

Mwaka hamsini na saba akafariki mwenye duka mwenyewe. Ndugu yake akasimama dukani kumpimia sanda, pua ikiwa karibu na vidole. Mwantumu akaita kutoka nyuma ya pazia, sauti imejaa machozi:

“Shemeji, geuza uso huko! Mpimie ya kambale.”