Kivuli kwenye Picha ya Kaptagat

Siku ya kwanza kazini sikupewa kamera, wala sikuruhusiwa kusogelea chumba cha giza. Mwenye Studio alinipa vipande viwili vya kadi nyeusi, kila kimoja kimekatwa umbo la kona, akanimwagia mezani rundo la picha zilizoharibika. "Weka kona moja juu na ingine chini," akaniambia, "halafu songeza mpaka picha ikae. Ikikaa utajua." Nikamuuliza nitajuaje. "Tumbo yako itatulia," akasema, akaenda zake kwa wateja.

Nilikuwa msichana kutoka Bungoma, nimefikia kwa shangazi yangu mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, na nilidhani kazi ya studio ni kuwaambia watu watabasamu. Kumbe kazi ni kukata. Ninyi wa simu mnasema kukrop. Sisi tulisema kukata, yaani kuchagua kipi kibaki kwenye picha na kipi kitupwe. Zile kona mbili ukizikutanisha zinafanya dirisha, na dirisha hilo unaweza kulipanua, kulibana au kulisogeza juu ya picha bila kuiharibu. Ukiridhika unapiga mstari mwembamba wa penseli, ndipo unaichapa upya kwa mashine ya kukuzia. Nilishinda na kadi zile hata nikawa natazama watu barabarani nikiwakata.

Mwenye Studio alikuwa mzee kutoka upande wa Nyeri, mwembamba, mkali, na alikuwa na sheria zake. Mtu hakatwi kwenye kiungo: kata paja, usikate goti, kata katikati ya mkono, usikate kiwiko, la sivyo utamfanya kilema. Picha ya mandhari isigawanywe nusu kwa nusu. Ipe mbingu au ipe ardhi, maana ukizipa sawa jicho halijui likae wapi. Na kivuli cha mpiga picha kikiingia chini, kitolewe. "Hiyo ni uchafu," alisema. "Mteja alitaka mlima. Hakukutaka wewe."

Sheria ya nne tuliletewa na wateja. Siku hizo familia ikifiwa ilikuja na picha ya harusi au ya ubatizo, watu wamejipanga safu mbili, wakatuomba tumtoe marehemu peke yake ili sura yake itangulie jeneza. Watu wetu wa magharibi hawakutaka mtu hai abaki kwenye picha hiyo, kwa sababu anayebaki humo ni kama ameitwa. Mama mmoja aliturudishia picha ya mumewe. Kwenye bega la marehemu kulikuwa na vidole vinne.

"Hizi vidole ni za dadangu," alisema, "na yeye ako hai. Mnataka tumzike pia?"

Mwenye Studio hakuwa wa kabila letu, lakini hakubishana. Aliipokea picha kwa mikono miwili, na tuliikata upya. Mama alipoondoka akanigeukia. "Picha ya matanga, mtu wa hai asibaki hata kucha. Umesikia?" Nilisikia, na nikaishika sheria ile maisha yangu yote ya kazi.

Katika studio hiyo ndimo nilimpata Wafula. Yeye alikuwa mpiga picha wa nje, yaani wa kutumwa shuleni, harusini na makanisani. Alikuwa na kamera moja na koti moja la kahawia, na vyote viwili alivipenda kuliko chakula. Tulioana, tukapanga chumba, tukapata watoto, baadaye tukajenga mtaa wa Kimumu. Alipiga picha nusu ya mji wa Eldoret, lakini yeye mwenyewe ukimwelekezea kamera alikimbia kama mwizi. Kinyozi hajinyoi. Nilimtania hivyo, akacheka, na sikujua kama iko siku utani ule utanirudia.

Rangi zilipoingia nilihamia maabara ya rangi, chini ya Meneja. Huyu alikuwa amesomea kazi, alivaa tai hata Jumamosi. Maabara haina chumba cha giza cha kupapasa. Ina mashine, na fundi anaongeza au kupunguza wekundu, manjano na buluu mpaka picha ifanane na dunia. Meneja hakutaka ifanane. Alitaka iipite. Anga ilibidi iwe buluu ya mfuko wa sukari.

Ni wakati huo tulikwenda Kaptagat. Kambi moja ya wanariadha ilitaka picha za mazoezi ya asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko nilifuatana na Wafula nimbebee mkoba. Tulichelewa. Wakimbiaji walikuwa wamepita, limebaki vumbi tu barabarani. Mimi nilianza kulalamika. Wafula alipanda kwenye ukingo wa barabara akatazama upande wa bonde. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yetu. Ukungu ulikuwa umejaa kati ya miti, na kila kitu kilikuwa na rangi iliyopoa: kijani kama kimetiwa maziwa, milima ya mbali si buluu wala si kijivu, udongo mwekundu uliolala. Akapiga mara moja tu.

"Hii si ya mteja," akasema. "Hii ni ya nyumba."

Niliichapa mwenyewe. Kawaida yetu ilikuwa kutoa kwanza chapa nzima, isiyokatwa, ili uone yote kabla ya kuamua. Meneja alipita nyuma yangu akasimama.

"Mama, hii picha imekufa. Ongeza kijani hapo. Watu wanataka wakiona Kaptagat wajue ni Kaptagat."

"Meneja, ndivyo ilivyokuwa asubuhi hiyo."

"Nani atakuuliza vile ilikuwa?"

Sikuongeza. Picha ya rangi za kupoa ni kama mgonjwa aliyelala, ukimpigia kelele unamharibia. Wafula alipokuja kuiona alifurahi, kisha akaweka kidole chini, mahali palipokuwa na weusi kwenye nyasi. "Nitoe hapo," akasema. "Naharibu." Ilikuwa sheria, na mwenyewe alikuwa ameomba. Nikaweka kadi, nikapiga mstari, nikamtoa. Picha ikatundikwa sebuleni Kimumu, nayo chapa nzima nikaitia kwenye bahasha pamoja na zingine.

Kutoka maabara nilikwenda kiwanda cha uchapaji, chini ya Supavaiza mmoja mpole aliyependa chai. Tulitengeneza kalenda, kadi za harusi na programu za mazishi. Huko nilikata nyuso za marehemu wengi sana, wengine niliwafahamu. Supavaiza aliniambia mara moja, "Mama, wewe hukata picha kama mtu anafunga mtoto shuka." Kisha simu zikajaa mikononi mwa watu, kila mtu akawa anajikatia, nami nikastaafu bila ugomvi na mtu.

Mwaka jana, masika yalipoanza, presha ilimwangusha Wafula mlangoni mwetu akiwa na kikombe cha chai. Hatukuwahi hata kumfikisha hospitali.

Tulipotafuta picha ya mazishi, mimi niliyewakatia wengine maisha yangu yote, nyumba nzima ilikuwa na maboksi ya sura za watu na yake haikuwamo. Tulikuza ile ya kipande, yaani ya kitambulisho. Mmeiona picha ya kipande: macho yamekodolewa, kidevu kimeinuliwa kwa amri, mtu anafanana na mshtakiwa. Hiyo ndiyo ilitangulia jeneza mpaka Bungoma. Niliichukia siku ile, na bado naichukia.

Mwaka ulipokaribia kuisha, shemeji yangu Barasa, mdogo wake Wafula, alikuja Kimumu kupanga habari ya kujengea kaburi. Kwetu sasa ni desturi kuweka juu ya saruji kigae chenye picha ya marehemu.

"Shemeji, tuweke tu ile ya kipande," alisema. "Ndio tuko nayo."

"Ile si Wafula."

"Sasa ni nani?"

Nikaenda chumbani nikaleta ile bahasha. Nikamwekea mezani chapa nzima ya Kaptagat. Aliitazama kwa adabu, akaitazama na ile iliyo ukutani.

"Hii ni miti, shemeji."

"Tazama chini."

Akainama. Pale kwenye nyasi, kwenye nuru ile laini ya asubuhi, kilikuwa kimelala kivuli kirefu cha mtu mwenye koti, viwiko vimetokeza pande zote mbili kwa kushika kamera. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesimama hivyo.

"Kivuli si mtu," Barasa akasema. "Hawa wajukuu watajua aje babu yao alikaa aje?"

"Watajua alivyosimama."

Akasugua goti lake. "Haya, ikate tuone. Lakini isipokaa vizuri, tunaweka ya kipande."

Alipokwenda kusalimia majirani nikatoa kadi zangu. Picha ilikuwa pana, na kigae ni cha kusimama, kwa hiyo lazima vitu viachwe nje. Niliacha msonobari mzuri wa kushoto, roho ikaniuma. Niliacha milima yote ya kulia. Nikabakisha ukanda wa mbingu, ukungu, bonde, na chini nikampa Wafula ardhi yote. Kisha nikasogeza kadi ya kulia nimalizie, na mkono wangu ukasimama.

Kulia kwake palikuwa na kivuli cha pili. Kifupi, kina kitambaa kichwani na mkoba begani, na mkono wake umeshika kiwiko cha koti. Nikakumbuka. Ule ukingo ulikuwa na umande, viatu vyake vimelika soli, nami nikamshika asiteleze. Miaka yote ile nilipoitazama chapa niliona uchafu tu chini. Nilipomtoa yeye nilikuwa nimejitoa na mimi, wala sikujua.

Nilijaribu kila namna. Nikibana kadi ili mtu hai asibaki, nakata kiwiko cha Wafula kwenye kiungo. Nikiuacha mkono peke yake, ni vile vidole vinne vya picha ya yule mama. Nililia pale mezani, sauti ikatoka, mpaka majirani wakanyamaza. Barasa alirudi haraka, akaona kadi zilipofikia. Alielewa bila kuambiwa.

"Hii ingine ni yako."

"Ni yangu."

"Kata, shemeji. Unajua vile watu wetu husema."

"Nikikata hapo nakata kiwiko chake."

"Afadhali kiwiko."

"Wewe umesema kivuli si mtu. Kama si mtu, mimi simo. Na kama ni mtu, basi huyu ndiye Wafula, na tumepata picha."

Aliishika chapa, akaisogeza karibu na macho. Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulikuwa unaogopa aanguke?"

"Kulikuwa na umande."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta uso kwa kiganja. "Basi iache. Ikae hivyo."

Nikasogeza kadi ya kulia nje kidogo, kupita mkoba wangu, nikapiga mstari. Tumbo langu likatulia. Kwenye duka la vigae waliniuliza kama waongeze rangi kidogo, nikawaambia wasiguse chochote.

Kigae kiko Bungoma juu ya saruji, na kwenye jua kali rangi zake zinaonekana hafifu, wapita njia wanadhani zimeanza kupauka. Wanangu wameniuliza mara mbili kama sitaki nipigwe picha nzuri, ya studio, nikingali na nguvu, ili siku yangu ikifika wasihangaike. Nimewaambia hawatahangaika. Waandike tu jina langu chini ya la baba yao, picha ilishawekwa.