Kompyuta Mbili za Mabatini

Mpiga chapa wa Mabatini ana kompyuta mbili, na ukurasa wa kwanza wa kila kazi huutoa kwenye zote. Huweka karatasi moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani, akaguna. Mwisho huchagua ya kompyuta mpya, maana anazipenda herufi zake pana. Leo Mama Ajwang' amekuja kuchukua ratiba ya mazishi ya mumewe. Amepewa ya kompyuta mpya, na jina la marehemu halikuenea kwenye mstari, limegawanyika: Yeremia juu, Ojuok chini. Mjane akalifuata kwa kidole, kidole kikakwama ukingoni.

“Mwanangu, mbona mmemkata?”

Safari hii mpiga chapa hakuguna. Alivuta kiti mpaka kwenye ile kompyuta kuukuu, akamlaza marehemu mzima, kwenye mstari mmoja.