Alilia Mara Moja Tu

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sauti ya mke wangu imo ndani ya sinema. Sehemu yenyewe ya sinema hiyo sikuwa nimeiona. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwepo ilipotengenezwa, na nilimsikia kwa masikio yangu.

Wakati huo nilikuwa napasua mawe huko Lukenya. Wageni wa sinema walituomba tunyamazishe nyundo, basi tukakaa juu ya mawe tukiwatazama. Ilikuwa hadithi ya ufalme wa kale, wa nchi ya mbali. Walileta watu kwa malori kutoka Kyumbi, wakawavua saa na kuwavisha magunia yaliyotiwa rangi. Malkia wa kuzikwa alikuwa gunia la nyasi lenye kichwa cha mbao, na mara mbili mbuzi wa jirani walikuja kumla miguu. Kila ndege ilipopita kuelekea Nairobi kazi ilisimama, na mazishi yakaanza upya.

Mke wangu alikuwa akiwapikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Siku ya mazishi wanawake wa kulia hawakutosha, kwa hivyo msimamizi aliyekuwa akitafsiri akamwita kutoka jikoni. Alinipa mtoto, kifungua mimba wetu, akavaa gunia. Wenzake walimtania kwamba leo malkia atazikwa akinuka moshi. Aliwajibu kwamba afadhali moshi kuliko mbuzi. Amri ilikuwa moja: walie bila maneno, maana watu wa ufalme ule hawakujua Kikamba.

Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla ya hapo. Siku aliyozikwa, mke wangu alikuwa wodi ya kujifungulia, Machakos, na mtoto wa siku mbili. Hakutupa udongo kaburini. Hakulia hata tuliporudi nyumbani. Alinyonyesha, alipika, alinyamaza, nami nikadhani amepoa.

Jeneza la lile gunia lilipopita mbele yake, alilia. Wale wengine walikuwa wakiigiza, na hata mtu aliyesimama mbali angeweza kuwatofautisha. Alinyoosha mikono yote miwili, akaita, “Mwaitu!” Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Mtoto akashtuka mikononi mwangu.

Kazi ilisimamishwa. Msimamizi alishuka akiuliza nani amesema maneno. Hakuna aliyekuwa amemtaja, lakini mke wangu aliinua mkono mwenyewe. Mkubwa wa sinema alifika, akaelezwa maana ya lile neno. Kisha akaomba arudie vilevile, na kamera isogezwe karibu.

“Mwambie nimeshalia,” mke wangu alimwambia msimamizi. “Siwezi kumlilia mama mara ya pili ili nipigwe picha.”

Alivua gunia akarudi kwenye sufuria zake. Sitaficha: nilikasirika. Nilitaka aonekane, nami nijivunie. Siku mbili sikumsemesha vizuri. Yeye hakunieleza zaidi, ila kutoka siku ile alianza kumtaja mama yake tukila, mambo ya kuchekesha aliyokuwa akifanya.

Sinema ilionyeshwa Nairobi, nasi hatukwenda. Baadaye kijana mmoja mwenye kibanda cha video Kyumbi aliileta, tukaenda kuitazama. Ilipofika mazishini aliirusha mbele, kwa sababu wateja walilipia kuona vita. Mke wangu alicheka njia nzima hadi nyumbani.

Alitutoka mwaka huu. Niko na picha zake, lakini sauti yake sikuwahi kuirekodi popote, hata kwenye simu. Ndipo binti yetu, yule yule niliyembeba Lukenya, alipoitafuta ile sinema kwenye mtandao. Jumapili moja baada ya ibada aliiweka kwenye televisheni ya kwake, Mumbuni. Nilikaa mbele kabisa nikiwa nimevaa koti.

Mlima niliujua. Nililijua hata jiwe nililokuwa nimelikalia. Wanawake wakaanza kulia, nami nikatega sikio. Kilichosikika ni kwaya, sauti tamu zilizofundishwa, pamoja na vinanda.

“Baba, ndiye yeye?” binti yangu aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa akinitazama akitaka iwe ndiyo.

“Hapana,” nilimwambia. “Wameiondoa. Nimewadanganya miaka hii yote bila kujua.”

Nilimwomba airudishe nyuma tena, kwa sababu nilikuwa nimeona mikono miwili imenyooshwa, upande wa kushoto. Akairudisha. Alikuwa ni yeye, mwembamba, na kitambaa chake cha jikoni kichwani, ambacho hakuna aliyekumbuka kumvua.

“Zima sauti,” nilisema.

Akazima. Kwaya ikaondoka, na pale chumbani tukabaki na mdomo wake tu ukifunguka. Binti yangu alisogea karibu na kioo. Neno lile yeye mwenyewe amelitumia maisha yake yote, kwa hivyo hakuhitaji kuambiwa.

“Mwaitu,” alisema, polepole, akifuata ule mdomo.

Tulirudia mara nyingi jioni ile, mimi na yeye. Mke wangu alikuwa amelia mara moja tu, na hiyo moja, ingawa bila sauti, walikuwa wameiacha ndani ya sinema. Nashukuru alikataa kurudia. Angekubali, leo ningekuwa namtazama bila kujua kama ni yeye au anaigiza.