Mpangaji Aliyegeuka Ndugu

Ta. Kimya. Halafu ta, ta. Ndivyo yalivyolia mabati ya nyumba ya shangazi pale Sosiot kila jua lilipotoka baada ya mvua, na hadi leo nayasikia vizuri kuliko sauti za watu wengi niliowajua. Chini ya mabati hayo hapakuwa na mtu. Kulikuwa na chumba cha duka mbele, chumba kidogo nyuma, sakafu niliyoipaka samadi kwa mikono yangu mwenyewe, na mlango mpya uliokuwa bado unanukia mbao.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane, na ploti ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa ambacho shemeji zake hawakukigusa. Lakini karani wa baraza la wilaya alikuwa amepita akasema wazi: nyumba ya sokoni ikikaa imefungwa mpaka mvua kubwa, ploti itapewa mtu mwingine. Ilikuwa miaka ile watu wetu wachache walipoanza kuruhusiwa na Wazungu kupanda majani chai yao wenyewe, na kila mtu alitaka kuwa na mlango sokoni. Tulihitaji mpangaji mmoja tu, mtu wa kufungua na kuuza kitu, hata kama ni chumvi.

Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, na kichwa changu kilikuwa kimejaa mapazia. Nilishapanga pazia la chumba cha nyuma litakuwa na maua gani.

Jirani yetu alikuwa na chumba kitupu kama sisi. Yeye siku ya soko alisimama juu ya debe akapiga kelele, "Chumba! Chumba kikavu!" Shangazi hakupiga kelele hata mara moja. Alinitwika kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye unga wa mkaa, tukatembea asubuhi nzima hadi karibu na Kabianga, nyumbani kwa fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye kibaraza cha duka la mwenzake. Watu walisema anatafuta mahali pake mwenyewe.

Tukafika, tukakaa. Shangazi akauliza ng'ombe wanaendeleaje. Akauliza mvua. Akaulizia mguu wa mama yake fundi. Tukanywa, tukaaga, tukarudi.

"Shangazi, mbona hukusema habari ya chumba?"

"Nimtajie chumba mtu ambaye sijui mtoto wake anaitwa nani?"

Basi tukarudi tena, na tena. Mke wa fundi alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi nikawa naleta kuni na maji, nakoroga uji, nambeba mtoto huku mama yake akifumba macho kidogo. Nilimpenda yule mwanamke. Alikuwa akicheka kabla hujamaliza kusema. Lakini chumba hakikutajwa, na mawingu yalianza kunenepa. Jirani alituona tukipita na kibuyu chetu akaita kutoka kwenye debe lake, "Mama, unatafuta mpangaji au unatafuta mkwe?"

"Natafuta mtu asiyepiga kelele," shangazi akamjibu bila kugeuka.

Siku moja tulimkuta fundi mwenyewe ameketi nje. Nadhani shangazi aliona sasa wamezoeana vya kutosha, maana aliuliza lile swali ambalo kwetu ndilo la kumfungulia mtu mlango wa ndani kabisa, kwa kuwa kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu. "Kwani ninyi ni watu wa mnyama gani?"

"Sisi ni wa korongo."

"Korongo!" Shangazi alipiga makofi. "Na sisi korongo!"

Fundi akasimama, akatusalimia upya kama ndio tumeingia. Alikuwa akimwita shangazi "mama", sasa akamwita "dada yangu". Mimi akanipa mkono kama mtoto wa ndugu yake. Mke wake alicheka mpaka mtoto akaamka. Njiani nyumbani nilikuwa naruka. Nilisema, sasa chumba kimepata mtu!

"Nyamaza kwanza," shangazi akasema. Uso wake sikuuelewa.

Siku ya soko fundi alikuja Sosiot, kofia mkononi.

"Dada, nilikitaka hicho chumba. Tangu ulipoanza kuja nilijua. Nilikuwa nangoja useme."

"Na mimi nilikuwa nangoja uulize."

"Sasa nitakaaje ndani? Mlango ukiharibika nimgombeze dada yangu? Nikikosa kodi, utamtoa ndugu yako nje na cherehani yake?"

Shangazi akaushika ule mlango mpya, akaurudisha polepole. Mimi nilikuwa na majibu tele, lakini hakuna aliyeniuliza. Fundi akaenda kupanga kwa yule wa debe. Nilikaa kwenye kizingiti chetu nikichanganyikiwa kabisa. Tungekwenda kwake mara moja tu na kusema bei, angekuwa ndani. Tulimkaribia mpaka tukampita.

Mvua za jioni zilipoanza, fundi akaja tena, nyuma yake mshona viatu kutoka upande wa Kisii, begani gunia la ngozi.

"Dada, siwezi kulala ploti yako ikienda. Nimekuletea mtu. Huyu hana korongo, hana undugu na sisi hata kidogo."

"Mimi nashona viatu tu, mama," mgeni akasema, akituangalia kama mtu aliyefanya kosa.

Shangazi akafungua mdomo. Fundi akadakia, "Dada! Usimwulize ya kwao!"

Tulicheka wote, hata mgeni, ingawa hakujua anacheka nini. Karani alipopita alikuta viatu vimening'inia mlangoni, akaitikia kwa kichwa na kuendelea na njia. Ploti ikabaki yetu.

Lakini safari za Kabianga ziliisha. Shangazi hakusema kwa nini. Nilimwuliza, "Yule mama wa mtoto tulimpenda, au tulikuwa tunatafuta mpangaji?"

"Swali gani hilo, wewe? Shika kibuyu, kishikilie vizuri."

Labda yeye pia hakujua. Mimi sikujua, na hata leo nikijaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili vinashikana mikononi mwangu.

Mwishowe nilikwenda peke yangu, bila kibuyu. Sikukuta mtu, labda walikuwa shambani. Mahindi yao yalikuwa yameanikwa uani juu ya magunia, na wingu jeusi lilikuwa linakuja haraka kutoka upande wa Bomet. Nikayakusanya, nikayavuta hadi chini ya paa, nikayafunika kwa ungo na ngozi. Punje zilizomwagika nyasini niliziokota moja moja, mvua ikinipiga mgongoni, kisha nikashika njia kabla hawajarudi.