Mistari ya Soya Iliyozaana Nikiwa Sipo

Niliacha shamba langu la soya likiwa na mistari niliyoipanda mwenyewe. Niliporudi, ilikuwa imezaana.

Sitanii. Kati ya kila mistari miwili kulikuwa na mwingine mchanga, umeota juzi tu.

Na kando yake alama pana udongoni, kama kitu kizito kimeburutwa.

"Hilo ni joka," jirani akasema, akaenda zake. Jirani wa aina hiyo kila mtu anaye.

Mimi hata nguvu za kuogopa sikuwa nazo. Nilikuwa natoka zahanati, mgongo umegoma, nimelala kwa dada yangu wiki kadhaa mpaka aibu ikanishika. Nilikuwa na ule uchovu wa kuamka nao.

Tangu mume wangu afariki, shamba nalilima peke yangu. Mwaka jana magugu yalinishinda. Nikimaliza kupalilia huku, kule nilikoanzia yameshaota tena. Dawa ya magugu bei haishikiki, vibarua ndio usiseme. Soya ikamezwa.

Shemeji akatamka mbele ya ukoo mzima: "Likimezwa tena mwaka huu, shamba nalichukua."

Hilo shamba ndilo linalolisha wanangu.

Bwana shamba alinishauri nibane mistari, nusu ya nafasi, ili majani ya soya yafunike udongo mapema. Mama mkwe akamkatisha.

"Nyumba hii mistari ni mipana. Ndivyo tulivyokuta."

Kwetu neno lake halirudiwi. Nikapanda mipana.

Kwa hiyo siku ile niliporudi, akili yangu ilikimbilia kwa shemeji, kwamba ameniharibia makusudi. Nikaenda kwa mama mkwe kushtaki, hata salamu nikaitoa nusunusu.

Nilimkuta mlangoni anashona gunia. Juu lilikuwa zima, ila chini limelika mpaka limekuwa wavu.

Nikamtazama vizuri. Miguu yake haimsimamishi siku nyingi sasa. Kucha zilijaa udongo.

"Mama, ni wewe?"

"Ningekuwa na miguu ningemaliza mapema," akasema. "Nimekalia gunia, nikajiburuta na kijiti changu. Toboa, dondosha, funika. Magugu machanga nikayang'oa njiani, si nilikuwa nayo usawa mmoja."

"Lakini wewe ndiye uliyekataa."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ile nafasi ilikuwa ya watu wawili, binti yangu. Mimi na mume wangu tulilima sambamba, tunapiga soga. Kisha ikawa wewe na mwanangu. Nilikuwa nakuachia nafasi yake, kama vile atarudi. Mgongo wako ulipogoma, nikakubali harudi."

Nikakaa chini nikalia. Naye alilia, huku anashona.

Mvua ilipokolea, majani yakashikana. Nilipalilia mara moja tu, tena palizi nyepesi. Baada ya hapo nikiinua matawi nakuta magugu membamba, ya njano, yamekosa jua. Mgongo ukapata kupumzika.

Shemeji akaja kukagua. Akazunguka shamba lote.

"Umepiga dawa gani?"

"Muulize mama yako."

Akamwuliza. Mama akamjibu, "Niletee gunia jipya, msimu ujao nikufundishe."

Shamba ninalo mpaka leo.

Ndugu zangu, nafasi ya mistari pimeni kwa mikono iliyobaki, si kwa ile mnayoililia. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na mama mkwe naye alichelewa.