Askofu Aliyeuawa Mzenga

Msimu wa korosho, Mzenga nzima hunuka mabibo yaliyochacha, harufu tamu inayong'ang'ania puani kama mgeni asiyeaga. Ndipo nilipouawa, nikiwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa historia alikuwa amesoma maisha ya askofu mmoja wa Ujerumani ya kale, enzi za ngome na mapanga, akaona ndiyo yatafaa kuigizwa siku ya wazazi. Askofu huyo alivaa deraya juu ya kanzu, akawachomea watu mji wao walipogoma kulipa kodi, na mwisho watu haohao wakamfumania mafichoni wakamponda mpaka akafa. Mimi, mtoto wa madrasa, nikapewa uaskofu kwa ajili ya mdomo wangu mrefu. Kofia ilikuwa boksi la sabuni, joho ni kanga ya Bibi.

Wenye mji waliongozwa na Shija, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, ana mikono kama michi. Mwalimu alishatuambia, "Nataka uhalisia!" na Shija ni mtiifu balaa. Fimbo ya kwanza ilitua begani, ya pili mgongoni, ya tatu ikapasua mdomo na kung'oa jino. Nikapiga yowe, "Jamani, ananiua kweli!" Uwanja ukaangua kicheko. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani hanuniwi, hata msibani kwako atafanya vituko. "Bibi, nakufa!" Bibi akajibu toka mstari wa mbele, "Kufa, mume wangu, wazikaji si ndio hao wanaokupiga!" Mama Shija naye, "Mtwange! Ngoma anaijua, jembe halijui!" Mzaha mzaha hutumbua usaha. Damu ikanijaa kooni, nikajua safari imefika, nikatoa shahada kwa sauti yangu yote.

Askofu wa Kijerumani anatoa shahada! Hakuna aliyecheka. Bibi aliruka, akanilalia mwili mzima, na fimbo iliyofuata ikampata yeye.

Sasa nasoma kidato cha tatu Kibaha, na bado mimi ndiye mchekeshaji wa darasa. Juzi pale Mlandizi watu walimpiga kibaka huku wakicheka. Alikuwa akimwita mama yake. Nilizungusha macho nikitafuta bibi wa mtu yeyote. Wote walikuwa wameinua simu, wanarekodi.