Boti Iliyokaa Buxton

Kaka yangu hakuweza kuiweka boti yake kwao Kibokoni, kwa kuwa vichochoro vya kule hata mkokoteni ukipita watu hujibana ukutani. Ikaburutwa na gari la kukodi mpaka kwangu Buxton, juu ya trela yake yenye kutu, ikaegeshwa kando ya fleti yetu. Majirani walitoka kuitazama. Ilikuwa boti ya faiba, nyeupe iliyogeuka manjano, na mashine yake imelazwa ndani, imefunikwa blanketi la marehemu mama.

Mama alikuwa amefariki mwanzo wa mwaka ule. Kaka aliachana na mkewe zamani, kwa hivyo alibaki peke yake katika nyumba ya wazazi wetu. Alikuwa fundi wa umeme wa meli, akaacha kazi kabla ya wakati wake. Alisema magoti hayawezi tena ngazi za meli. Nilimwamini. Nilidhani boti ndiyo itakayomtoa katika msiba, nikajitolea kumsaidia.

Akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi. Tulianza na trela. Tuliiinua kwa jeki, tukavua magurudumu, tukasafisha beringi na kuzijaza grisi mpya. Vile viroda vya mpira vinavyobeba tumbo la boti vilikuwa vimepasuka, tukaenda Makadara kutafuta vingine. Dukani kaka hakutazama bolti za kuvifungia alizopewa. Alizipitishia ukucha wa dole gumba, moja moja, akarudisha mbili. Muuzaji akacheka, akasema huyu mzee ni fundi kweli. Nami nikajivuna.

Kufunga mashine kulituchukua Jumamosi nzima. Jirani mmoja mwenye nguvu alitusaidia kuinyanyua mpaka kwenye ubao wa tezi, kule nyuma. Kaka akalala chali chini, akapapasa kwa kiganja.

"Kile kibati kilicho juu ya propela kiko sawa na tumbo la boti, au kimepanda?" akaniuliza.

"Kimepanda kidogo. Kama unene wa kidole."

"Shusheni. Ikipanda itameza hewa badala ya maji."

Tukashusha. Aliniuliza mambo mengi namna hiyo. Waya huu mwekundu au wa kahawia? Pale pana ufa au ni uchafu tu? Nilidhani ananifundisha. Sikuwahi kufundishwa kitu na kaka tangu utotoni, na maswali yale yalinifurahisha.

Siku ya kujaribu taa za trela, nilisimama nyuma huku dereva wa gari la kukodi akiwasha ishara. Aliwasha ya kushoto, ikawaka ya kulia. Alipokanyaga breki, hakikuwaka kitu.

"Kaka, umezikosea nyaya."

"Mimi?" Uso ulimbadilika. "Mimi niliyefunga nyaya za meli nzima? Tazama vizuri wewe!"

Hakuwa mtu wa kunifokea. Yule dereva akashuka, akazipanga upya, na kaka akaenda kukaa kwenye ngazi za fleti, ametupa mgongo.

Wiki iliyofuata tuliishusha majini Tudor, maji yalipojaa. Trela ilirudi nyuma taratibu mpaka magurudumu yakazama, boti ikateleza juu ya viroda vipya na kuelea. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Kaka alikaa tezini kashika usukani, mimi mbele na jaketi yangu ya kuokolea. Hatujafika mbali nikauona mtumbwi ukikata mbele yetu, una mvuvi mmoja anayepiga kafi. Nilingoja kaka apinde. Hakupinda.

"Kaka!"

"Nini?"

"Mtumbwi! Pinda!"

"Uko wapi?"

Nilijirusha nyuma nikausukuma usukani kwa mikono miwili. Tulimpita yule mvuvi karibu mno; kafi yake iligonga ubavu wetu.

"We mzee, huoni?" alipiga kelele.

Kaka akazima mashine. Tukabaki tunayumba.

"Sioni," alisema. Hakuwa anamjibu yule mvuvi, aliyekwisha kwenda zake. "Naona pembeni kidogo. Katikati pameziba."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yu hai. Sukari. Ndiyo maana niliacha kazi."

"Na boti ukanunulia nini?"

"Daktari alinambia imebaki miezi, kisha sitaona kabisa. Nikaona, kama ni miezi, basi niishike spana mpaka mwisho. Nyumba ile kimya, dadangu. Ningekaa mle ningoje nini?"

Nilirudisha boti mimi, naye akinielekeza kwa sauti ya chini namna ya kupunguza moto wa mashine. Kuivuta juu ya trela alikataa kusaidiwa. Alizungusha winchi mwenyewe, boti ikapanda imelala upande. Niliiacha vile vile.

Hakuja tena Buxton. Alinipigia simu tu, akanitaka niweke mguu wa mashine ndani ya pipa la maji matamu na kuiwasha, chumvi isiile.

"Maji ya kupoza yanatoka kwenye kitundu?" aliuliza.

"Yanatoka."

"Yana vuguvugu?"

Nilitia mkono, nikamwambia yana vuguvugu. Miezi ikapita. Simu zikawa chache, kisha zikakoma. Mvua iliingia chini ya turubai, na paka wa jirani akazalia ndani. Nilipompigia kumuuliza tufanyeje, alijibu, "Uza," kama anayezungumzia kiti kibovu.

Waliichukua watu wa Kilifi. Jioni hiyo nilikwenda Kibokoni kumweleza. Nilimkuta sebuleni, hakuwasha taa, redio imefunguliwa kwa sauti ndogo.

"Wanaijua bahari?" aliuliza.

"Walisema ni wavuvi."

"Haya. Mungu awahifadhi."

Akanyoosha mkono, akaniomba nimkate kucha, kwani juzi alijikata nyama. Nilitafuta mkasi wa mama kwenye droo, nikakaa karibu yake, nikamkata. Mikono yake ilikuwa laini, kama ya mtu asiyefanya kazi.